Pedali Ikizama Usikimbilie Kutoa Upepo

Haya jamani tuanze, wa nyuma mnanisikia? Sawa. Leo ni vani ya zamani ya familia, unakanyaga breki unahisi kama umekanyaga sponji. Nikiuliza dawa yake nini najua wote mtasema toa upepo, yani hewa iliyoingia kwenye paipu za mafuta ya breki. Ndo maana nimesimama hapa, huo upepo tunausingizia mno.

Kabla hujashika spana, kaa kwenye siti gari likiwa limesimama, ukanyage kwa mguu wako mwenyewe. Kanyaga mara moja usikie imeishia wapi, alafu kanyaga haraka haraka mara tatu nne. Ikipanda juu kuna mawili. Ikipanda lakini bado inanesanesa, huo ni upepo kweli. Ikipanda ikawa ngumu kama tofali, nenda kwenye dramu za nyuma (zile ngoma za chuma zinazozunguka na tairi), shuu za ndani zinazozibana zimelegea ziko mbali kwahiyo kanyagio la kwanza lote linaishia kuzisukuma tu zifike, na zile ajasta za kujikaza zenyewe zikishapata kutu hazikazi kitu. Hapo utatoa upepo mpaka usiku na hutapata kitu.

Sa ya tatu ndo naiogopa. Washa injini mguu ukiwa kwenye pedali (itashuka kidogo mara moja, hiyo ni busta, kile kinachousaidia mguu kukanyaga, inafanya kazi, usishtuke), kanyaga kiasi tu ushikilie, hesabu mpaka 30. Ikianza kushuka taratibu kama mtu anayesinzia, mafuta yanaenda mahali. Chungulia matairi kwa ndani, kalipa (ile inayobana diski ya breki), chini ya dramu, fuata paipu zote. Kukavu na kopo la mafuta ya breki halipungui? Masta silinda hiyo, ile pampu inayosukuma mafuta ukikanyaga, rabba za ndani zimelika, mafuta yanapita pembeni yanarudi yalikotoka. Na kama kopo linapungua ila tone huoni, legeza masta pale inapokutana na busta, saa ingine inavujia humo humo.

Kuna inayolainika ukishuka mlima mrefu tu, ikipoa inarudi. Mafuta yamechoka hayo, yananyonya maji kutoka hewani. DOT 3 (aina ya mafuta ya breki) mpya haichemki kabla ya nyuzi 205, ikishanyonya maji inaweza kuchemka kwenye 140 tu, na ikichemka unakanyaga mvuke.

Ukishajua ni upepo, toa, ila kwenye gari kuukuu weka kipande cha ubao chini ya pedali isigote sakafuni, maana kule mwisho wa masta rabba hazijafika miaka, kuna kutu na uchafu, zikipita zinakatika na sasa una ugonjwa ambao hukuja nao.

Mi mwenyewe niliwahi kufunga kalipa mpya za mbele, nikatoa upepo mchana kutwa, chupa mbili za mafuta, jirani anapampu mpaka mguu ukamuuma, wapi. Kumbe ya kulia nimeifunga kushoto, kile kinati cha kutolea upepo kimekaa chini na upepo wenyewe uko juu unanicheki. Chekeni tu, jirani mpaka leo akiniona na spana anaingia ndani.

Mzee pale umenyoosha mkono. Kama unaweza kwenda nayo hivohivo mpaka wikendi? Ya shuu kulegea zikaze leoleo, dakika chache tu. Ile inayoshuka taratibu hapana mzee wangu, iache hapohapo ilipo, fundi ndo aje.