Upime sukari mara ngapi?

MWANAIDI: Karibuni tena. Kaka Baraka, lile daftari la vipimo vya sukari ulilonipigia simu kwa ajili yake.

BARAKA: Nimeletewa juzi. Mwenye kisukari aina ya pili, anameza vidonge vya metformini tu, anapima kila asubuhi kabla ya kula. Kurasa nzima ni namba nzuri, 6.1, 6.4, 5.9 mmol/L. Lakini HbA1c, kile kipimo cha damu cha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3, ikatoka juu, asilimia 8.4.

MWANAIDI: Sukari inampanda baada ya kula, na saa hizo hapimi.

BARAKA: Halafu katikati kuna 15.2, na dakika chache baadaye 7.1.

MWANAIDI: Mikono! Ameshika tunda.

BARAKA: Haya, mikono tena.

MWANAIDI: Nitaisema kila wiki. Sukari ya tunda ikibaki kidoleni inaingia kwenye tone la damu, mashine inaisoma. Spiriti haiiondoi vizuri. Osha kwa maji na sabuni, kausha kabisa, maana kidole chenye maji kinazimua damu na namba inashuka. Choma pembeni mwa ncha ya kidole, siyo katikati, pembeni hakuumi sana. Usikamue kwa nguvu.

BARAKA: Na kama hakuna maji?

MWANAIDI: Futa tone la kwanza, pima la pili. Kopo la vijiti vya kupimia lifungwe papo hapo, unyevu unaviharibu.

BARAKA: Sawa, turudi kwenye mada. Huyu hana haja ya kujichoma kila siku. HbA1c kila miezi 3 mpaka itulie, kisha kila miezi 6. Inatosha.

MWANAIDI: Haitoshi. Apime kwa jozi: kabla ya mlo, na saa 2 tangu aanze kula. Siku 3 za wiki ya kabla ya kliniki, kila siku mlo tofauti.

BARAKA: Vijiti vingi vinazaa namba ambazo hakuna anayezifanyia kazi. Kilichomfichua ni HbA1c, siyo daftari.

MWANAIDI: HbA1c imesema kuna tatizo, haikusema ni mlo gani. Na mwenye selimundu au aliyeongezewa damu karibuni, inamdanganya.

BARAKA: Hao ni wachache, wana utaratibu wao.

MWANAIDI: Wachache kwako. Mimi sibadiliki hapo.

BARAKA: Wala mimi. Dada, dakika zimekwisha na insulini hatujaigusa.

MWANAIDI: Kwa haraka basi, ukijichoma insulini, pima: kabla ya kila mlo, kabla ya kulala, kabla ya kuendesha gari, na ukihisi kutetemeka au jasho la baridi. Ikiwa chini ya 3.9, kunywa gramu 15 za sukari kwenye maji, pima tena baada ya dakika 15. Bado iko chini? Rudia.

BARAKA: Anayemeza glibenklamidi, kidonge kingine cha kisukari, naye apime akijisikia hivyo, sukari yake hushuka pia.

MWANAIDI: Na wajawazito?

BARAKA: Wiki ijayo, viwango vyao ni vingine. Yale mengine tuliyoandika hayaingii leo.

MWANAIDI: Mikono lakini, jamani.