Fremu ya Duka Ikitikisika, Msikimbilie Alumini Ngumu

Ndugu mafundi, wengine hili mmeshalisikia kwangu mpaka mmechoka. Mtavumilia, maana bado hamjaacha.

Kuna duka hapa Mwanga, Kigoma, mbele lote ni vioo, nguzo za fremu zina mita 3. Upepo wa ziwani ukivuma, vioo vinacheza. Mwenye duka akashauriwa ang'oe fremu nzima, aagize alumini "ngumu", aina ya 6061-T6, kutoka Dar es Salaam. Akalipa, ikafungwa. Upepo ukaja, vioo vikacheza vilevile! Nilipoitwa nikaisukuma nguzo kwa kiganja, ikaenda, ikarudi. Nikapima profaili, yaani umbo la nguzo, toka uso wa nje hadi wa ndani: milimita 50, kama ile ya zamani.

Najua mtanibana: mwalimu, 6061 si ina nguvu zaidi? Inayo, nani kabisha? 6063-T5, ile aina ya kawaida ya fremu, mkazo ukifika megapaskali 110 hivi inapinda na hairudi. 6061-T6 inavumilia hadi 240 hivi. Lakini hiyo ni hesabu ya kuharibika. Kupinda na kurudi ni hesabu nyingine, na huko zote mbili zina ukakamavu wa gigapaskali 69 hivi. Yule bwana kalipia tofauti ambayo haipo.

Dawa ni kina. Chukua profaili ya milimita 100 badala ya 50, upana na unene wa bati vibaki vilevile: ukakamavu unapanda zaidi ya mara nne. Kipimo kinachotumika sana ni urefu gawanya kwa 175, kwa hiyo nguzo ya mita 3 isipinde zaidi ya milimita 17. Pigeni hesabu hiyo kabla ya kuagiza, siyo baada ya mteja kununa.

Na 6063 si alumini ya maskini. Inasukumika vizuri kwenye dai, ile kalibu ya kuipa umbo, hata zile njia nyembamba za kuvalisha raba zinatoka safi, na uso wake laini unapokea rangi. 6061 wapeni wanaobeba mizigo mizito.

Muda umekwisha na kutu sijaigusa. Upesi basi: Ziwa Tanganyika ni maji baridi, msinitishe na chumvi ya Tanga. Saruji mbichi ndiyo inayokula alumini. Funikeni fremu kwa nailoni kabla ya plasta. Skrubu ziwe za stenlesi. Haya, wewe uliyenyoosha mkono tangu nilipotaja bei, uliza.