Pakiti tupu ni ushahidi wa nini?

MWALIMU: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Juma lililopita tuliahidi kujibu maswali matatu kuhusu watoto wanaozaliwa na mama wenye VVU: wapimwe lini, wanyonye hadi lini, na dawa zianze lini iwapo mtoto aliyeambukizwa amekonda mno. Ila Mama Sifa ameingia studio na mfuko wa pakiti tupu, nami nimeshamwambia kwamba takataka za kliniki hubaki kliniki.

MAMA SIFA: Hizi si takataka, Mwalimu, huu ni ushahidi. Siku ya Jumanne bibi mmoja alimrudisha kwetu mjukuu wake wa miezi minane, ambaye mzingo wa mkono wake ni sentimita 10.9. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, utepe ukisoma chini ya 11.5 tunasema ana utapiamlo mkali. Juma lililotangulia tulikuwa tumempa chakula dawa, yaani siagi ya karanga ya tiba iliyofungwa kwenye pakiti, na bibi, kama sheria yetu inavyodai, alirudisha pakiti zote zikiwa tupu, zimeoshwa, zimekaushwa na kufungwa kwa kipande cha kitenge. Mtoto, hata hivyo, hakuwa ameongezeka hata gramu moja.

MWALIMU: Zimeoshwa kwa sabuni?

MAMA SIFA: Kwa sabuni.

MWALIMU: Basi bibi huyo angefaa kupewa kazi ya uhasibu wilayani, kwa maana sijawahi kuona stakabadhi safi namna hiyo hapa Arua, Uganda.

MAMA SIFA: Cheka tu. Niliibonyeza miguu yake kwa kidole gumba na haikuwa na uvimbe. Hakuwa na homa. Kisha nilifungua pakiti mpya ili nipime hamu yake ya kula, na bibi akampa ile siagi ya karanga kwenye ncha ya kidole. Mtoto alikishika kidole kwa mikono miwili na hakutaka kukiachia. Sasa, mtoto anayekula hivyo mbele yangu, halafu nyumbani haongezeki, ni lazima niulize huko nyumbani ni nani anayekula.

MWALIMU: Kabla hujamtafuta mwizi, waeleze wasikilizaji habari ya mama yake.

MAMA SIFA: Mama ana VVU, anameza dawa zake, na mchana kutwa yuko sokoni. Kipimo cha PCR, kile kinachotafuta virusi vyenyewe katika damu ya kisigino inayodondoshwa kwenye karatasi, kilifanywa mtoto akiwa na wiki sita na kikaonyesha kwamba hana virusi. Wengi wakisikia jibu hilo hudhani kazi imekwisha. Ukweli ni kwamba mtoto wa mama mwenye VVU, hata asipoambukizwa, huugua zaidi, hudumaa zaidi na hufariki zaidi kuliko wenzake. Huyu aliachishwa ziwa alipofikisha miezi sita kwa sababu mama mkwe alisema maziwa yale ni hatari, na tangu hapo amekuwa akinywa uji mwepesi wa muhogo.

MWALIMU: Tusimlaumu sana mama mkwe, kwa maana miaka ya 2000 ushauri wa namna hiyo ulikuwa ukitolewa na wataalamu wenyewe.

MAMA SIFA: Ulitolewa, na gharama yake ikaonekana. Mwaka 2006 kule Botswana, ambako serikali ilikuwa ikiwapa mama wenye VVU maziwa ya kopo bila malipo, mvua kubwa zilifuatwa na mlipuko wa kuharisha, na wachunguzi wakakuta kwamba jambo lililowaweka watoto hatarini kuliko yote lilikuwa kutonyonya. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mama anayetumia dawa zake ipasavyo anyonyeshe angalau miezi 12, na anaweza kuendelea hadi miezi 24 au zaidi. Hilo nadhani ni swali la pili, tumelijibu.

MWALIMU: Turudi kwenye stakabadhi.

MAMA SIFA: Nilijua utarudi huko.

MWALIMU: Ninarudi kwa sababu sioni zinathibitisha nini. Mwaka 1996, Wafaransa wawili, André Briend na Michel Lescanne, walipobuni Plumpy'Nut, chakula dawa hiki cha pakiti, uzuri wake ulikuwa kwamba haihitaji maji wala moto, kwa hiyo vijidudu havizaliani ndani yake kwa urahisi na mtoto anaweza kutibiwa nyumbani badala ya kulazwa. Lakini nyumbani kuna watu. Je, huyo mjukuu ana ndugu wangapi?

MAMA SIFA: Wanne.

MWALIMU: Wanne, na chakula cha mchana ni ugali wa muhogo kwa mboga za majani. Kisha wewe unaleta ndani ya nyumba hiyo pakiti tamu ya gramu 92 yenye kilokalori 500, inayonukia, na unamtaka bibi amlishe mmoja huku wanne wakitazama. Halafu unasema asiporudisha pakiti tupu hapati nyingine. Ulichomfundisha ni kuosha pakiti.

MAMA SIFA: Mtoto wa kilo 6, kwa mpangilio wa takriban kilokalori 200 kwa kila kilo, anahitaji karibu pakiti mbili na nusu kila siku. Akipata moja, hiyo si nusu ya tiba, kwa kuwa uzito hausogei na mwili unaendelea kujila. Nikiacha kudai pakiti tupu, nusu ya akiba yangu itakuwa sokoni ikiuzwa kando ya biskuti. Nimeziona huko kwa macho yangu.

MWALIMU: Zilizouzwa zilinunua nini? Pengine sabuni, pengine chumvi. Ningependa kliniki ipime nyumba nzima, iwape wale wanne unga na maharage, na pakiti zibaki za mgonjwa.

MAMA SIFA: Unga huo utatoka wapi? Mimi nina kabati moja na daftari moja.

MWALIMU: Basi useme kwamba kabati ni dogo, usiseme kwamba bibi ni mdanganyifu.

MAMA SIFA: Sijamwita mdanganyifu hata mara moja! Pakiti zilipofika safi kupita kiasi ndipo nilipopata neno la kuanzia. Nilimuuliza, "Mama, nani amezifua?" akacheka, akaniambia kwamba wale wakubwa huzilamba na yeye huziosha ili siafu wasiingie ndani. Bila sheria yangu mazungumzo hayo yasingekuwapo.

MWALIMU: Yangekuwapo kama ungemuuliza tu watoto wake wamekula nini jana. Na kuna jambo jingine: macho yako yakiwa kwenye pakiti, je, kifua kikuu umekitafuta?

MAMA SIFA: Nimekitafuta. Hakohoi, na nyumbani hakuna anayekohoa. Damu ya PCR nimeichukua siku hiyohiyo bila kungoja miezi tisa, kwa sababu alinyonya miezi minne baada ya kile kipimo cha kwanza, na mtoto asiyeongezeka uzito hangojeshwi ratiba. Septrini, dawa ya kuzuia maambukizi, anaendelea nayo. Usidhani ninahesabu plastiki tu.

MWALIMU: Sidhani. Lakini sheria ya pakiti sijaikubali.

MAMA SIFA: Wala mimi sitaiondoa.

MWALIMU: Fundi ananionyesha vidole viwili, yaani tumebakiwa na dakika mbili, na swali la kwanza tumelijibu kwa kupitia tu.

MAMA SIFA: Niliseme kwa haraka. PCR hufanywa katika wiki sita, kisha miezi tisa, kisha wiki sita baada ya mtoto kuacha ziwa, na kipimo cha kawaida cha kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza dhidi ya virusi, hufanywa akiwa na miezi 18, kwa sababu kabla ya hapo kinaweza kusoma kingamwili za mama.

MWALIMU: Na swali la dawa?

MAMA SIFA: Hilo haliingii katika dakika moja. Msikilizaji wetu wa Koboko aliyeliuliza atuvumilie hadi juma lijalo. Lakini iwapo mtoto wake amevimba miguu yote miwili, au amekataa chakula kabisa, asitungojee sisi, ampeleke hospitali leo.