Gari ya chini inaondoka: njoo nikuonyeshe nikiwa Kentucky

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo zangu, mambo vipi. Leo sipo jikoni wala sipo kazini, nipo kwenye maegesho ya duka kubwa hapa Lexington, Kentucky, Jumapili asubuhi. Mkisikia upepo kwenye maiki mnisamehe, baridi imeamka nayo leo.

Naigeuza kamera. Hesabuni na mimi mstari huu mmoja, na nikisema gari ya juu ni hizi SUV. Pikapu. Gari ya juu. Gari ya juu. Pikapu. Gari ya juu, nyingine, nyingine. Hii nyeusi nayo ya juu. Halafu hapa katikati, imefichwa kama mtoto kati ya watu wazima msibani, Camry yangu ya 2012. Na kule mwisho kuna Corolla ya mzee mmoja. Magari 12, mawili tu ndiyo yale tuliyokua tukiyaita gari ya familia: milango minne, imekaa chini, na buti lake peke yake nyuma.

Video hii imeletwa na simu ya mdogo wangu wa Tanga. Amenipigia Jumatano usiku wa huku, kule kumekucha. Anataka tuiuze Premio ya baba, niongezee pesa, achukue gari ya juu iliyotumika. Nikamuuliza Premio ina tatizo gani. Akaniambia, "Dada, gari za chini zimepitwa na wakati, hata huko Marekani hawazitaki tena."

Sasa hilo la "hawazitaki" ndilo lililoninyima usingizi. Mimi nipo huku, naishi katikati ya jambo lenyewe, na naona limesemwa nusu.

Nusu iliyo kweli ni hii. Mwaka 1975, katika magari mapya 10 ya matumizi ya kawaida Marekani, kama 8 yalikuwa ya chini, yaani sedani, hizi zenye buti lake peke yake, na zile ndefu zenye nafasi ya mizigo nyuma. Siku hizi ni kama robo. Ford walitangaza Aprili 2018 kwamba wanaachana na sedani kwa soko la huku. Taurus ya mwisho ikatoka Chicago Machi 2019, Fusion ikaisha 2020. Mwezi huohuo wa Machi 2019, Lordstown pale Ohio, kiwanda kilichounda magari kwa zaidi ya miaka 50, kikatoa Chevrolet Cruze ya mwisho kikafunga mlango. Impala, nayo ya Chevrolet, ikaondoka 2020. Malibu, jina lililoanza 1964, ikakoma Novemba 2024 kule Kansas City. Leo ukienda kwa Ford au Chevrolet ukasema nataka sedani mpya ya kubebea wanangu, hawana.

Lakini twendeni mbele kidogo. Nikitoka hapa nikashika barabara kuu ya I-75 kuelekea kaskazini, sijamaliza hata nusu saa nipo Georgetown. Pale ndipo kilipo kiwanda kikubwa kuliko vyote vya Toyota duniani. Camry ya kwanza ilitoka pale 1988. Hapa Lexington Kiswahili unakisikia sokoni, kanisani, kwenye mabasi, kwa sababu ndugu zetu wa Kongo ni wengi sana, na mazungumzo ya zamu za viwandani ni ya kila siku. Tangu 2020 Georgetown wanaunda na RAV4, gari ya juu ya Toyota, ile haibridi, yaani inayotumia petroli na umeme. Na hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri.

Camry mpya na hiyo RAV4 zimejengwa juu ya msingi mmoja. Zote zina injini ya lita 2.5 na zote haibridi. Ukizivua bati, ni watu wa ukoo mmoja. Moja imenyanyuliwa na kufungwa mgongo ikawa ya juu, nyingine imeachwa chini. Camry mpya ile ya kawaida inatembea kama kilomita 21 na kitu kwa lita moja. RAV4 haibridi ya kizazi kilichopita ni kama 17. Ni kweli RAV4 hiyo inasukuma magurudumu manne na Camry ya kawaida mawili, hilo lina gharama yake. Lakini sehemu kubwa ni umbo na uzito: kitu kirefu kinapambana na upepo safari nzima. Kwa mtu anayekwenda kilomita 20,000 kwa mwaka, tofauti hiyo ni karibu lita 250. Mimi kwetu nimeona baba akipima mafuta kwa kijiti, najua lita 250 ni nini.

Kwa hiyo kampuni zinapata nini? Bei. Angalia Corolla: sedani ya mwaka 2025 ilianzia kama dola 22,000, na Corolla Cross, ile iliyonyanyuliwa, ilianzia kama dola 24,000. Ukoo mmoja, kimo tofauti, na mnunuzi anaona ni halali kulipa zaidi. Ungekuwa wewe mwenye kiwanda ungeunda ipi?

Na sheria ikawasaidia. Mafuta yalipoadimika 1973, Bunge la huku lilipitisha sheria 1975 ya kuwalazimisha watengenezaji wapunguze ulaji wa mafuta. Magari ya familia yakapewa kiwango kikali. Yale yaliyoitwa malori mepesi yakapewa kiwango kilicholegea, kwa sababu wakati ule lori jepesi lilikuwa la mkulima na la fundi. Mlango ule ulioachwa wazi kwa mkulima, SUV zikapita nazo, nyingi zikahesabiwa malori mepesi. Miaka ya 2010 kiwango kikaanza kupimwa kwa ukubwa wa eneo lililo kati ya matairi: gari ikiwa kubwa zaidi, sharti linakuwa jepesi zaidi. Na Julai 2025 ikapita sheria iliyoifanya hata faini ya kuvunja kiwango hicho kuwa sifuri.

Ndiyo maana nasema lile neno "hawazitaki" si la kweli lote. Mwaka 2024 Camry ziliuzwa hapa zaidi ya 300,000. Hiyo si gari iliyokataliwa. RAV4 ziliuzwa zaidi ya 470,000, sawa, Camry imepitwa, na kwa mbali. Lakini mtu aliyeingia kwa Ford akakuta sedani zimeondolewa, akatoka na SUV, kesho yake anahesabiwa kuwa mtu asiyependa sedani. Hilo linaniuma.

Sasa niwe mkweli na upande wa pili, maana mama yangu anaangalia hizi video.

Mama alikuja kunitembelea mwaka juzi. Goti lake la kushoto mnalijua nyote mliowahi kusali naye. Kila nikimpeleka mahali, kuingia kwenye Camry anateremka kama mtu anayekaa kwenye kigoda, na kutoka ndio kazi. Anashika nguzo ya mlango kwa mkono huu, na mkono wangu kwa huu, anahesabu moja mbili, ananyanyuka. Siku moja jirani yangu, mama wa Kikongo, akatupa lifti kwenye gari yake ya juu. Mama akafungua mlango, akageuka, akakaa. Kiti kilikuwa kimo cha nyonga yake. Akaniangalia bila kusema neno. Mimi siwezi kumwambia mtu mwenye goti lile, au mzazi anayefunga kiti cha mtoto mara nne kwa siku mgongo ukiwa unamuuma, kwamba amepotoka. Hajapotoka. Na theluji ikishuka hapa, nafasi ya sentimita 21 kati ya ardhi na tumbo la RAV4, na sentimita kama 14 na nusu za Camry, ni vitu viwili tofauti.

Ila njooni hapa. Hii pikapu iliyopaki pembeni yangu. Nasimama mbele yake, mnaona? Boneti inanifika kifuani, na mimi si mfupi. Binti yangu ana miaka 6. Wiki iliyopita nilimwomba mwenye pikapu ya namna hii, mtu mwema, anizimie injini, atoe funguo, nikae kwenye kiti chake. Nikamwambia binti yangu asimame mbele ya bampa. Sikumwona. Nikanyoosha shingo, sikumwona. Nikamwambia anyooshe mikono juu, nikaona vidole. Vidole vyake kumi tu, juu ya boneti, vinachezacheza. Nilishuka miguu haina nguvu.

Huku kuna taasisi ya kampuni za bima inayochunguza usalama wa barabarani, IIHS. Novemba 2023 walitoa utafiti: gari yenye boneti inayozidi kama mita moja kwenda juu ina uwezekano mkubwa kwa asilimia 45 hivi wa kumuua mwenda kwa miguu ikimgonga, ukilinganisha na gari yenye boneti ya chini ya sentimita 76. Mwaka 2009 waenda kwa miguu waliouawa barabarani Marekani walikuwa kama 4,100. Mwaka 2022 walizidi 7,500. Sababu ni nyingi, simu mkononi, mwendo, barabara pana zisizo na mahali pa kutembea. Lakini kimo cha boneti kimo humo. Na hii ni nchi ambayo watu wachache ndio wanaotembea. Kwetu watoto wanakwenda shule kwa miguu, ukingoni mwa lami, asubuhi kukiwa na giza.

Mdogo wangu, sasa naongea na wewe, na wote mlio nyumbani. Gari zetu hazitoki Marekani, usukani wa huku uko upande mwingine. Zinatoka Japani, na Japani nako mambo ni hayohayo. Mark X iliachwa Desemba 2019. Premio na ndugu yake Allion zilikoma Machi 2021. Camry yenyewe Toyota waliacha kuiuza kwao mwishoni mwa 2023. Kenya hawaruhusu gari iliyozidi miaka 8, kwa hiyo kanuni ikibaki ilivyo, Premio za mwisho zitaisha kupita Mombasa 2028. Sisi Tanzania tunaweza kuleta ya zamani zaidi, lakini tunalipia ushuru wa uchakavu juu ya ushuru mwingine. Meli zitaendelea kuja, ila zitazidi kuleta gari za juu, kwa sababu Wajapani nao wanazidi kuzitumia na kuziuza.

Nyote mnaonifuata mnajua tumelelewa na teksi. Baba alikuwa na Carina Ti nyeupe, mstari ubavuni, anapaki karibu na stendi. Msimu wa machungwa aliipeleka Muheza, anarudi buti limefungwa kwa kamba, nyuma imekaa chini mpaka mpira wa tope unakwaruza lami, na sisi watoto wanne kiti cha nyuma na gunia miguuni. Ada zetu zimetoka kwenye lile buti. Likiharibika jambo, fundi wa chini ya mwembe analijua, kipuri kipo dukani, jioni gari iko barabarani. Ile ndiyo ilimfanya mtu wa kipato cha baba awe na gari kabisa. Gari ya juu ya miaka 12 ina tairi ghali zaidi, inakunywa zaidi, na ikiwa na mfumo wa magurudumu manne uliochoka, fundi anaanza kwa kushika kichwa.

Najua barabara ya mtaani kwenu, najua yale makorongo baada ya mvua za masika. Ungekuwa unaishi Lushoto ndani ndani nisingekubishia hata kidogo. Lakini wewe unatoka nyumbani unakwenda bandarini unarudi, na korongo ni lile moja la kwa Mzee wa genge.

Kwa hiyo nilichofanya ni hiki. Nimemtumia pesa, si ya gari, ya shokapu nne, bushi za mbele na springi za nyuma, maana Premio ile imekaa chini kuliko ilivyozaliwa. Jana amelala chini yake na tochi ya simu akanitumia picha. Bushi ya kulia imepasuka kama mdomo wa mtu mwenye homa, hiyo ndiyo inayogonga kila akipita korongoni. Fundi ameahidi Jumamosi. Nimemwambia arekodi, kabla na baada, apite palepale kwa Mzee wa genge na baba akiwa kiti cha mbele. Video ikifika nitaiweka hapa, ikigusa chini mtasikia wenyewe.