Bustani ya Maji Ndani ya Chupa ya Achari

Hamjambo jamani, karibuni kibarazani kwetu. Leo twatengeneza bustani ya maji ndani ya chupa: mimea hai, mchanga, jiwe moja na maji, basi. Hakuna pampu, hakuna mashine ya kuchuja. Vyote nilivyonunua vimenigharimu shilingi 720, na zaidi ya nusu ya hizo zimekwenda kwenye mimea.

Chupa yenyewe ni hii. Ni ya lita tano, mdomo wake mpana, mkono waingia wote mpaka chini. Nimeinunua soko la Kongowea kwa mama muuza achari, shilingi 250. Kabla hujalipa, ingiza mkono. Ukikwama kwenye kiwiko, irudishe, maana utakuja kupanda miche humo ndani na utajuta. Kuisafisha, isugue kwa chumvi na ndimu, isuuze, iache juani siku mbili hadi ukiinusa husikii tena harufu ya haradali. Sabuni usitie. Ikibaki kidogo tu, itakuja kutokea kwenye maji.

Sasa nisikilizeni hapa vizuri, kwa sababu ndipo wengi wetu watu wa Mombasa tunapoharibu. Vitu vya bure tulivyozungukwa navyo, mchanga wa pwani, makombe, vipande vya matumbawe, maji ya kisima, karibu vyote havifai kwa kazi hii. Mimi chupa yangu ya kwanza niliijaza mchanga wa Nyali, nikapanga kauri za kupendeza, nikachota maji kisimani nyuma ya nyumba. Ilipendeza siku mbili. Wiki ya pili majani yalikuwa yameyeyuka kama mchicha uliopikwa jana.

Sababu ni kwamba kisiwa chetu kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na mchanga mweupe wa ufuo una vipande vingi vya matumbawe na makombe yaliyosagika. Hiyo yote ni chokaa. Ikikaa ndani ya maji huyeyuka polepole na kuyafanya maji kuwa magumu, yaani yaliyojaa chokaa, na mimea mingi ya maji baridi, yale yasiyo na chumvi, haipendi hivyo. Ongeza na chumvi ya bahari, hapo hakuna bustani tena.

Mdogo wangu, sogeza simu hapa waone. Nina visahani viwili. Hiki kina mchanga wa ufuoni, hiki kina mchanga wa mto niliouomba kwa mafundi wanaojenga nyumba ya jirani. Natia siki nyeupe kijiko kimoja kimoja. Mwaona? Ule wa ufuoni watoa povu kama soda iliyotikiswa, ndiyo ishara ya chokaa. Huu wa mto umenyamaza kimya. Basi wako ni ule ulionyamaza. Ukiwa huna siki, kamua ndimu. Povu lake ni dogo, kwa hivyo lete sikio karibu, utasikia ukichemka. Jiwe nalo lipime vivyo hivyo. Hili langu ni kipande cha Mazeras, yale mawe bapa wanayotandaza uani. Limepasuka pembeni, fundi alikuwa analitupa.

Tuje kwenye maji. Maji ya bomba hutufikia kutoka mbali: Mzima kule Tsavo, Baricho kando ya mto Sabaki, Marere kwenye milima ya Shimba. Siku yanapokuja, kinga ndoo moja, iache wazi siku nzima klorini itoke, huku umeifunika kwa kitambaa chepesi. Ukinunua kwa mwenye mkokoteni, muulize ni ya bomba au ya kisima, halafu usimtegemee kwa jibu lake peke yake. Onja tone moja ulimini. Kisha chukua kikombe, tia maji hayo na kijipande cha sabuni, tikisa. Sabuni ikigoma kutoa povu, maji hayo ni magumu, yaogee tu. Wakati wa masika au vuli tumia maji ya mvua, lakini mvua ya kwanza iache ioshe vumbi na mavi ya kunguru kwenye mabati. Mimi huchanganya nusu ya mvua na nusu ya bomba.

Udongo. Chukua wa shambani, usiotiwa samadi wala mbolea ya dukani. Samadi ikiwa ndani ya maji hutoa amonia nyingi, ile gesi kali yenye harufu ya mkojo, na maji hunuka kama choo cha stendi. Chekecha utoe mizizi na vijiti. Chekecheke ya unga ya mama iache mahali pake. Mimi niliichukua, na kelele nilizopigiwa bado nazisikia. Ulowanishe udongo mpaka uwe kama uji mzito, kisha utandaze chini ya chupa kimo cha sentimita mbili. Usisogee kwenye kioo upande wa mbele, la sivyo kila anayeitazama ataona tope.

Juu yake mchanga wa mto, sentimita tatu. Uoshe kwanza hadi maji yatoke meupe. Mimi niliosha mara tisa, ya kumi nikachoka. Mchanga ndio kifuniko cha udongo. Ukiwa mwembamba, udongo utapenya juu na maji hayatatulia kamwe. Upande wa nyuma uinue kidogo uwe kama kilima, macho yapate safari. Jiwe nalo lisimike likiwa limeinama na sehemu yake imezama mchangani, kando ya katikati. Ukiliweka katikati kabisa limesimama wima, umetengeneza kaburi.

Wako wanaopenda kifuu cha nazi badala ya jiwe. Chafaa, na nyumbani hakikosekani. Kichemshe saa nzima, mwaga maji, chemsha tena. Hata hivyo maji yatageuka rangi ya chai ya strungi kwa wiki kadhaa. Haidhuru mimea, ila mimi macho yangu yataka maji meupe.

Mimea sasa, na hapa pana jambo la afya. Usiende kuichota kwenye madimbwi au vijito vya Kwale au Kilifi kwa mikono mitupu, miguu ndani ya maji. Kichocho kipo pwani yetu, na konokono wadogo wa maji baridi ndio wanaobeba vimelea vyake. Vimelea hivyo hupenya kwenye ngozi ya mtu aliyeingia majini, wala husikii kitu. Nunua kwa wauza samaki wa mapambo, au omba kwa rafiki mwenye tangi. Konokono aliyezaliwa ndani ya tangi la mtu, asiyewahi kuona kijito, hana kichocho. Huyo akija na mmea muache, atakulia uchafu.

Mimi nimechukua aina tatu. Hii yenye majani marefu membamba kama ukindu ni valisneria, miche minne. Hii iliyo kama mkia wa paka ni seratofilamu; haina mizizi, yaweza kuelea tu, na hukua haraka kuliko mmea wowote humu. Hizo mbili zimenitoka shilingi 400. Ya tatu ni ya bure: ule mmea wa kutambaa wenye majani ya umbo la moyo, ambao kila nyumba ya Mombasa waukuta kwenye chupa juu ya friji, mani planti. Kata tawi lenye vifundo viwili. Mizizi yake yazama majini, majani yabaki nje. Kwa vile majani yake yapata hewa wazi, hunyonya uchafu wa maji kwa nguvu ajabu.

Gugumaji usilete, hata ukivutiwa na maua yake ya zambarau. Ziwa Victoria limehangaika nalo tangu miaka ya 1990, na hatutaki kuwa chanzo cha balaa hilo huku. Na mmea wowote unaoupunguza chupani, uanike juani ukauke kabisa kabla ya kuutupa. Mtaroni usiutie.

Kupanda: mimina maji kidogo tu, yafunike mchanga kwa kidole kimoja. Vibano vya dukani ni ghali, mimi natumia vijiti viwili vya mishkaki. Mizizi ya valisneria ikate ibaki sentimita mbili, ishike kwa vijiti, izamishe, kisha vuta juu kidogo mpaka shina jeupe lionekane. Ukilizika shina litaoza. Mche wa kwanza utaelea. Wa pili nao utaelea. Usitukane, rudia.

Miche ikishashika, weka kisahani au kipande cha mfuko wa nailoni juu ya mchanga, mimina maji juu yake taratibu, kikombe kwa kikombe. Mkipata nafasi ya kuharakisha chochote leo, isiwe hapa. Nilipoharakisha mimi, udongo ulipanda wote na mama akapita akauliza, “Weye mwana, hayo ni mapambo au ni kidimbwi?” Seratofilamu na mani planti tia mwisho.

Sasa mbu. Video nyingi nilizotazama zinatoka nchi za baridi, na hili hawaligusi kabisa. Chupa ya maji yaliyotulia, bila samaki, kwenye baraza ya Mombasa, ni leba ya mbu. Mbu aina ya Aedes, yule mwenye madoadoa meupe miguuni anayeuma mchana, hutaga kwenye vyombo vidogo kama hivi, na ndiye anayeeneza homa ya dengi, ambayo kwa Kiswahili yaitwa kidingapopo, pamoja na chikungunya. Mji wetu umeshapitia yote mawili. Yai hadi mbu anayeruka, kwenye joto letu, ni kama siku saba hadi kumi.

Kwa hivyo kata kipande cha chandarua kikuukuu, funika mdomo, funga kwa mpira. Tawi la mani planti lipitishe kwenye tundu dogo na ulibane tundu kwa uzi. Kifuniko cha kubana usitumie, mimea na konokono wahitaji hewa. Kila wiki tazama dhidi ya mwanga: ukiona viluwiluwi vinacheza, chota kwa chujio la chai, na badilisha maji siku hiyo hiyo. Na ukija kuitumia chupa iliyokauka, isugue kuta zake kwanza. Mayai ya Aedes hugandishwa juu kidogo ya usawa wa maji na yaweza kukaa makavu kwa miezi, yakingoja.

Mahali pa kuiweka: karibu na dirisha, jua lisiipige moja kwa moja. Lita tano hupata moto upesi mno, na maji ya moto hayashiki hewa nyingi. Kwenye nyuzi 20 lita moja hushika kama miligramu 9 za oksijeni, kwenye nyuzi 30 ni kama 7.5. Chumba chako kikiwa kiza, taa ya LED nyeupe ya wati 9, saa sita kwa siku, yatosha.

Wiki mbili za kwanza badilisha nusu ya maji kila siku ya tatu. Udongo mpya hutoa amonia, na bakteria wa kuila hawajazaliana vya kutosha. Maji yatafanya ukungu, kisha kioo kitaota mwani. Sio ule wa baharini, ni utando wa kijani. Punguza saa za mwanga, futa kwa kitambaa kikavu cha pamba, ongeza seratofilamu. Viputo vikitoka mchangani vikinuka mayai viza, choma mchanga kwa kijiti cha mishkaki sehemu mbili tatu kwa siku, hewa itoke kidogo kidogo. Baada ya hapo, robo ya maji kwa wiki.

Najua swali litakalojaa hapo chini: samaki atiwe lini? Humu, hatiwi. Nilishawahi kuuziwa samaki wa dhahabu nikaambiwa atakaa raha kwenye chupa. Alikaa siku tatu. Samaki yule akikua hupita sentimita 20, na hata beta, anayeuzwa ndani ya kikombe, ahitaji lita 15 kwenda juu. Konokono wawili watatu ndio wenyeji wa chupa hii.

Chupa hii ya pembeni ina wiki ya saba. Valisneria imeshatoa watoto sita chini ya mchanga, na mani planti imefika dirishani. Maji ninayoyatoa humwagia mirehani ya mama, na siku hizi Ijumaa ikifika ndiye anayekuja na ndoo kabla sijaamka.