Kirusi Kinachovaa Mafuta Yetu

Shikamooni wazee wangu. Na ninyi wengine, habari za asubuhi. Nimefurahi kuona wauguzi mmekuja, wanafunzi wa maabara mmekuja, na mama zangu wa huduma za nyumbani mmekaa mbele kabisa. Kuzungumzia virusi vya Ukimwi hapa Kagera si jambo jepesi. Wagonjwa watatu wa kwanza kuripotiwa Tanzania, mwaka 1983, walikuwa wa mkoa huu. Wengi wenu humu ndani mmeuguza, na mmezika.

Swali lililonileta niliulizwa na mama mmoja kliniki. Alisema: "Mwanangu, mume wangu anavyo, mimi kila nikipima sina. Damu yangu ina nini?" Nilimjibu harakaharaka kwa sababu foleni ilikuwa ndefu, na jibu lile limenisumbua mpaka leo. Nikarudi kusoma. Sehemu ndogo ya nilichokipata iko kwenye utando wa seli, kwenye mafuta yenye sukari yaitwayo glikolipidi, na sehemu hiyo ndiyo ninayotaka tuitazame kwa karibu.

Anayekunywa supu asubuhi atazame bakuli linapoanza kupoa. Juu kuna viduara vya mafuta. Ukivisogeza kwa kijiko vikagusana, mpaka kati yake unapotea, viwili vinakuwa kimoja. Kirusi cha Ukimwi nacho kimezungukwa na utando wa mafuta, na seli yetu hivyohivyo. Tando mbili zikiungana, kilichomo ndani ya kirusi kinamwagikia ndani ya seli, na kazi imekwisha. Ila tando hizi haziungani kwa kugusana tu kama kwenye supu. Lazima zivutwe. Anayevuta ni protini ya kirusi: sehemu yake ya nje, gp120, inashika seli, sehemu ya ndani, gp41, inazileta tando pamoja.

Gp120 inashika nini? Mwaka 1984 ilijulikana kwamba inashika CD4, protini iliyo juu ya seli za kinga, zile zile ambazo tumezoea kuzihesabu kliniki. Mwaka 1996 zikajulikana protini za pili, CCR5 na CXCR4, ambazo bila mojawapo CD4 peke yake haitoshi. Wengi tunafundishwa hadithi ikiishia hapo. Lakini protini hizo hazining'inii hewani. Zimesimama ndani ya mafuta, na baadhi ya mafuta hayo yana sukari kichwani.

Hayo ndiyo glikolipidi. Mkia wake, seramidi, umezama ndani ya utando. Kichwa chake cha sukari kimechomoza nje. Sukari inaweza kuwa moja, mbili, tatu au mnyororo mrefu. Nyingi hukusanyika pamoja na kolesteroli, zikafanya sehemu nzito kidogo zinazoelea kwenye utando kama chelezo ziwani.

Wanafunzi wa maabara, ninyi mmeshaziona kazi zake kwa macho yenu. Mnapodondosha tone la damu kwenye kigae cheupe, mkaongeza dawa ya kundi A, mkakitikisa taratibu mpaka damu ikafanya chembechembe kama mchanga mwekundu, kinachoshikwa pale ni sukari. Nyingine zimebebwa na protini, nyingine na glikolipidi. Na kipindupindu tunachokijua: sumu yake inaingia kwenye utumbo kwa kushika glikolipidi iitwayo GM1. Vijidudu vimejua njia hii zamani sana.

Sasa turudi kwenye Ukimwi. Miaka ile watu walishangaa kwamba kirusi kinaingia kwenye seli zisizo na CD4, kama baadhi ya seli za ubongo zilizooteshwa maabara. Mwaka 1991 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba ukiifunika glikolipidi moja kwa kingamwili, kirusi kinazuiwa kuingia kwenye seli za namna hiyo. Inaitwa galaktosili-seramidi, ina sukari moja tu, na imejaa kwenye ala ya mishipa ya fahamu. Baadaye ikaonekana pia kwenye seli za utando wa utumbo. Gp120 inaishika. Mbele ya kirusi, basi, mafuta haya ni kama ngazi kwenye ukuta usio na mlango.

Ningeishia hapa mngeondoka mkidhani glikolipidi zote ni adui. Sikilizeni hii ya Gb3, maana ndiyo inayonivutia kuliko zote. Ina sukari tatu. Wataalamu wa benki ya damu wanaijua kwa jina la Pk, katika mfumo wa makundi ya damu uliogunduliwa 1927 ukaitwa P, na sasa unaitwa P1PK. Kuna ugonjwa wa kurithi, ugonjwa wa Fabry, ambapo kimeng'enya cha kuivunja Gb3 kina kasoro, hivyo inajazana kwenye figo, moyo na mishipa. Ni ugonjwa mzito, mtu asiutamani. Lakini watafiti wa Toronto, Kanada, walipochukua seli nyeupe za wagonjwa hao na kuziwekea virusi vya Ukimwi, seli zilikuwa ngumu kuambukizwa. Mwaka 2009 wakaendelea. Seli za watu wenye Pk nyingi kuliko kawaida zilikataa virusi. Seli za watu adimu sana wasio nayo kabisa ziliambukizwa kwa urahisi mno. Walipoipunguza Gb3 kwenye seli za maabara, maambukizi yakapanda, walipoiongeza, yakashuka.

Na bado, mwaka 1998 kundi jingine lilikuwa limeonyesha kwamba Gb3 inasaidia tando kuungana. Hawa hawakudanganya na wale hawakudanganya. Mimi naona jambo linategemea Gb3 ni kiasi gani, imekaa wapi kwenye utando, na iko jirani na nani. Ile ile inayomshika mgeni mlangoni inaweza kumwingiza, na inaweza kumng'ang'ania hapo nje asifike sebuleni.

Kirusi kikishazaliana, hutoka kupitia zile chelezo, kikajivika utando wetu wenyewe pamoja na glikolipidi zake. Mojawapo ni GM3. Seli za kinga zenye matawi, dendriti, zinazofanya doria kwenye ngozi na kuta za ndani za mwili, zina mkono uitwao Siglec-1 unaoshika sukari ya GM3. Zinakibeba kirusi kizima bila zenyewe kuambukizwa, zinaelekea kwenye tezi za limfu, na huko zinakutana na seli za CD4. Watafiti wa Barcelona na wa Boston walilionyesha hili kuanzia mwaka 2012. Seli zetu zinapokea kirusi kwa sababu kimevaa nguo zetu.

Hapo mwenzangu mmoja wa huduma za nyumbani amenyoosha mkono. Nakusikiliza, mama. Anauliza: je, mtu akipunguza mafuta kwenye chakula, virusi vitakosa pa kushika? Hapana, mama. Glikolipidi hizi seli inajitengenezea yenyewe. Kula mafuta kwa kiasi kwa ajili ya moyo wako. Kirusi hakiangalii sufuria. Na wala mtu asiambiwe kwamba kundi lake la damu linamkinga. Niliyoyasema ya Pk yametoka kwenye seli ndani ya vyombo vya maabara. Hata wale watu wachache waliozaliwa bila Siglec-1, ambao seli zao zilishindwa kukibeba kirusi maabara, walikutwa miongoni mwa watu wanaoishi na VVU.

Yule mama alirudi mwezi uliofuata, na safari hii niliketi naye. Nilimwambia kwamba sijui kilichomo kwenye damu yake, lakini najua kilichomo kwenye damu ya mumewe. Utafiti mkubwa wa wenza wenye majibu tofauti, uliohusisha Kenya na nchi nyingine kadhaa, ulionyesha mwaka 2011 kwamba aliyeanza dawa mapema alimwambukiza mwenzake kwa asilimia 96 pungufu. Mumewe anameza dawa zake kila usiku baada ya taarifa ya habari. Kipimo chake cha mwisho cha wingi wa virusi hakikuona kitu.