Miezi Sita ya Kwanza: Mhadhara kwa Wazee wa Columbus kuhusu Medicare

Shikamooni wazee wangu. Wababa na wamama mliotoka Kongo na Burundi, karibuni sana. Ndugu wa Kenya na Tanzania, asanteni kwa kuitoa Jumamosi yenu. Naona wengi mmekuja na bahasha. Tutazifungua baadaye, moja moja, pale mezani. Kwanza naomba mnisikilize kwa jambo moja: uamuzi mkubwa wa Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani, mtu huufanya mwanzoni kabisa, na hapa Ohio ni vigumu kuugeuza baadaye. Wanaowauzieni mipango huwaambia, "Jaribu huu, usipokufaa mwakani utabadilisha." Ni kweli, kutoka upande mmoja unabadilisha bila shida. Kutoka upande wa pili, mlango unaweza kuukuta umefungwa.

Tuanze na msingi. Medicare ni bima ya serikali kuu kwa watu wa miaka 65 na kuendelea, na pia kwa wenye umri mdogo zaidi waliopokea malipo ya ulemavu kwa miezi 24. Rais Lyndon Johnson aliitia saini sheria yake tarehe 30 Julai 1965, na tangu siku hiyo haikukusudiwa kulipa kila kitu. Sehemu A inalipa ukilazwa hospitali. Sehemu B inalipa daktari, vipimo, na matibabu unayopata bila kulazwa. Mwaka huu wa 2026, Sehemu B inakatwa dola 202.90 kila mwezi kwa watu wengi. Ukilazwa, unatanguliza dola 1,736 zako mwenyewe kabla Sehemu A haijaanza kulipa. Ukitoka, zikapita siku 60, ukalazwa tena, unazitoa upya. Kwa daktari unatanguliza dola 283 kwa mwaka, kisha Medicare inalipa asilimia 80 na wewe asilimia 20.

Hiyo asilimia 20 haina kikomo. Matibabu ya saratani yakifika dola 100,000, sehemu yako ni 20,000. Ndiyo maana hakuna anayepaswa kukaa na Sehemu A na B peke yake akadhani amemaliza, labda awe na msaada wa jimbo au bima ya kazini.

Nani anapata Sehemu A bila ada? Aliyefanya kazi inayokatwa kodi kwa robo 40, yaani kama miaka kumi. Mama ambaye hakuajiriwa lakini mumewe alifanya kazi anaweza kuipata kwa rekodi ya mumewe. Wazazi walioletwa na watoto wao uzeeni, wasio na robo hata moja, wanaweza kuinunua wakiwa na grini kadi na wameishi hapa miaka mitano mfululizo, lakini ni dola 565 kwa mwezi. Nawaambieni nyie watoto mlioketi nyuma, kwa sababu mzigo huo unaangukia kwenu: mzungumze mapema.

Sasa tarehe. Una miezi saba ya kujiandikisha: mitatu kabla ya mwezi unaotimiza miaka 65, mwezi wenyewe, na mitatu baada yake. Lakini humu ukumbini najua wengi karatasi zenu zinasema mlizaliwa tarehe 1 Januari, kwa sababu kwenye kambi za wakimbizi ndivyo walivyoandika. Kwa sheria hii, aliyezaliwa tarehe mosi huhesabiwa kuwa ametimiza umri siku moja kabla. Kwa hiyo kwenu Medicare inaweza kuanza tarehe 1 Desemba, na ile miezi saba ni kuanzia Septemba hadi mwisho wa Machi. Anayengoja Krismasi ipite ndipo ajiandikishe amepoteza mwezi, pengine miwili, ya kutibiwa. Na akipitiliza Machi bila bima ya mwajiri, ada ya Sehemu B inaongezwa asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili aliyochelewa, na nyongeza hiyo kwa kawaida haiondoki tena maisha yake yote.

Ambao bado mko kazini kwenye maghala na viwanda: kama mwajiri ana wafanyakazi 20 au zaidi na mna bima yake, mnaweza kungoja Sehemu B bila adhabu. Siku kazi au bima ikiisha, mna miezi minane. Chukueni barua ya mwajiri inayothibitisha, msiitupe.

Tuje kwenye njia mbili.

Ya kwanza ni kubaki na Medicare yenyewe ya serikali, ukanunua Sehemu D ya dawa kutoka kampuni binafsi, na juu yake bima ya nyongeza inayoitwa Medigap. Hizi za nyongeza zimepangwa kwa herufi, na hapa Ohio Mpango G wa kampuni moja unalipa kitu kile kile kama Mpango G wa kampuni nyingine. Kinachotofautiana ni bei. Kwa hiyo ukishajua herufi unayotaka, uliza bei na historia ya kupandisha ada, basi. Ukiwa na G, unatoa zile dola 283 za mwaka na baada ya hapo ile asilimia 20 inalipwa yote. Mpango N ni nafuu kidogo, ila unachangia hadi dola 20 ukimwona daktari na hadi 50 chumba cha dharura. Ubaya wa njia hii ni pesa ya kila mwezi: mara nyingi Medigap peke yake inapita dola 100, na inapanda unavyozeeka. Meno, miwani na vifaa vya masikio hazilipi. Uzuri wake ni kwamba daktari yeyote nchini anayepokea Medicare anakupokea, iwe hapa Columbus au kwa mwanao Texas.

Njia ya pili ni Medicare Advantage. Hapa serikali inailipa kampuni binafsi, nayo ndiyo inayosimamia matibabu yako. Mingi haina ada ya ziada, ingawa ile 202.90 unaendelea kuitoa. Mingi inajumuisha dawa, meno, miwani, wakati mwingine na kadi ya kununulia chakula. Na ina kikomo: mwaka huu mpango hauruhusiwi kukutoza zaidi ya dola 9,250 kwa huduma za A na B ndani ya orodha yake ya madaktari, na mingine imeweka kikomo cha chini ya hapo. Zaidi ya nusu ya wanaostahili nchini wamechagua njia hii, na siwezi kusema wote wamekosea. Kwa mtu asiyemudu Medigap, kikomo hicho ni kinga ya kweli.

Lakini ulizeni mambo mawili. Daktari wako yumo kwenye orodha yao? Hapa mjini tuna OhioHealth, Mount Carmel, na hospitali ya Chuo Kikuu cha Ohio State, na kila mpango una mkataba wake na kila mmoja wao. Mikataba hubadilika mwaka hadi mwaka. Mpigie simu karani wa daktari mwenyewe, mtajie jina kamili la mpango, usitegemee neno la wakala. Pili ni kibali. Vipimo vikubwa, upasuaji, na siku za kupumzishwa kwenye nyumba ya uuguzi baada ya hospitali, kampuni inaweza kudai itoe idhini kwanza, na inaweza kukataa. Ikikataa, una haki ya kukata rufaa. Wengi wetu tukikataliwa tunanyamaza, tunaona serikali imesema. Si serikali iliyosema, ni kampuni. Kateni rufaa, na mwombeni daktari aandike barua.

Sasa ule mlango. Ukishafika 65 na Sehemu B yako ikaanza, una miezi sita ambamo kampuni yoyote ya Medigap lazima ikuuzie, hata kama una kisukari, presha, au moyo mbovu, na haiwezi kukupandishia bei kwa ajili ya ugonjwa. Miezi hiyo ikipita, inaweza kukuuliza hali yako na kukukataa. Kila mwaka, 15 Oktoba hadi 7 Desemba, unaweza kutoka Medicare ya serikali kwenda Advantage bila kuulizwa ugonjwa. Kurudi pia unaruhusiwa, lakini bila uhakika wa kupata Medigap, na hapo asilimia 20 isiyo na kikomo inakurudia. Ipo nafuu moja: ukiingia Advantage mara tu ulipofikisha 65, ndani ya miezi 12 ya kwanza unaweza kutoka na kupata Medigap kwa haki. Mwaka mmoja huo tu. Yanayoleta bili kubwa, kama viharusi, figo na saratani, mara nyingi huja baada yake.

Ndiyo maana maoni yangu, nayasema wazi: mzee mwenye pensheni, mathalani mama aliyefanya uuguzi hapa miaka 25, anayeweza kutoa ada kila mwezi bila kukosa kodi ya nyumba, achukue Medigap ndani ya miezi sita hiyo, hata kama leo ni mzima. Msikubali kadi ya chakula iwafanyie uamuzi.

Kuna baba ameniandikia swali kuhusu kwenda nyumbani, na ni swali zuri. Medicare ya serikali karibu hailipi chochote nje ya Marekani. Ukianguka Mombasa, Kigoma au Bukavu, ni mfuko wako. Mipango ya Medigap D, G, M na N inalipa asilimia 80 ya dharura, baada ya wewe kutoa dola 250, ikiwa dharura imetokea ndani ya siku 60 za kwanza za safari, na jumla isizidi dola 50,000 kwa maisha yako yote. Advantage nyingine zinalipa dharura za nje, nyingine hazilipi: ulizeni mpewe kwa maandishi. Na anayekaa nyumbani zaidi ya miezi sita anaweza kuondolewa kwenye mpango wake wa Advantage. Wanaopokea SSI, yaani malipo ya serikali kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo, mjue kwamba nayo husimama ukikaa nje siku 30 mfululizo.

Wenye kipato kidogo, kabla ya kulinganisha mpango wowote, nendeni ofisi ya Job and Family Services ya Franklin County mwombe msaada wa jimbo wa kulipiwa Medicare. Ukikubaliwa, jimbo linalipa ile 202.90, na kwa wenye kipato cha chini zaidi linabeba hata ile asilimia 20. Ukishapata, unaingizwa pia kwenye Extra Help, msaada wa serikali kuu wa kupunguza gharama za dawa. Nyumba unayoishi na gari moja havihesabiwi. Wengi wanaostahili hawajaomba. Mwenye Medicaid kamili, ile bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, hahitaji Medigap. Anayejaribu kumuuzia, mwonyesheni mlango.

Dawa kwa kifupi: mwaka huu ukifikisha dola 2,100 za mfukoni kwa dawa zilizomo kwenye mpango, hulipi tena mpaka Januari. Insulini haizidi dola 35 kwa mwezi. Kila Oktoba peleka orodha ya dawa zako ikaguliwe upya. OSHIIP, huduma ya ushauri ya jimbo, inafanya hivyo bure na haiuzi bima. Medicare yenyewe iko 1-800-633-4227. Omba upewe mkalimani wa Kiswahili, hulipi. Wakala haruhusiwi kubisha nyumbani kwako wala kukupigia simu bila kualikwa.

Na la mwisho, linawahusu mliokuja kama wakimbizi. Sheria iliyotiwa saini 4 Julai 2025 imeondoa wakimbizi na waliopewa hifadhi kwenye Medicare, isipokuwa wawe na grini kadi au uraia. Waliokuwa tayari wanaipata wanaondolewa ifikapo 4 Januari 2027. Robo 40 za kazi hazikuokoi kama karatasi yako bado ni ya ukimbizi. Kama hujaomba grini kadi, au uliomba na hujajibiwa, usiondoke leo bila kuandika jina kwa dada aliye pale mlangoni, tukupeleke kwa mwanasheria wa uhamiaji mwenye leseni. Tutaanza na nyie, halafu ndipo tufungue bahasha za wengine.